Debe Tupu na Debe Shinda: Uhakiki wa Sitiari ya Chombo kwa Kuzingatia Matumizi ya Neno "Debe" katika Ushongo na Pwani ya Pangani

Utangulizi

Tangu Lakoff na Johnson walipochapisha kazi yao ya mwaka 1980 kuhusu sitiari tunazoishi nazo, na hasa baada ya Johnson kuendeleza hoja hiyo mwaka 1987, watafiti wengi wa semantiki wamekubali kwamba chombo ni mojawapo ya taswira za msingi za fikra ya binadamu. Hoja yenyewe ni nyepesi kueleweka. Mwili wa mtu una ndani na nje. Chumba kina ndani na nje. Kwa hiyo binadamu huyachukua mambo yasiyoshikika, kama vile hasira, maisha, chama au lugha, na kuyafanya nayo yawe na ndani na nje. Tunasema mtu ameingia katika matatizo, ametoka katika umaskini, moyo wake umejaa chuki. Tasnifu kadhaa za Kiswahili zimeichukua nadharia hii na kuitafutia mifano, na mifano haikukosekana.

Uhakiki huu una shaka, si juu ya kuwapo kwa taswira hiyo, bali juu ya nguvu inayopewa. Ikiwa ndani na nje ndiyo asili ya maana za chombo, basi majina ya vyombo yenyewe yangepaswa kupanuka kwa njia hiyo kwanza. Neno litakalochunguzwa hapa ni debe. Limechaguliwa kwa sababu ni neno la kila siku, ni la kukopa, historia ya kitu chenyewe inajulikana, na maana zake zimetawanyika mno kiasi cha kuitia nadharia majaribuni. Mahali palipozingatiwa ni Ushongo, kusini ya mlango wa mto Pangani, ng'ambo ya kivuko cha Bweni, katika ukanda wa Mrima. Wakazi wake ni wavuvi na wakulima wa minazi, muhogo na mahindi, na lugha yao inapakana na Kimtang'ata, lahaja ambayo Whiteley aliichapishia maelezo mwaka 1956. Pale ambapo matumizi ya Kenya au ya miji mikubwa yanatoa mwanga, yametajwa.

Chombo cha ndani na chombo cha nje

Kabla ya debe, ni lazima tulitazame neno chombo lenyewe, kwa kuwa nadharia imejengwa juu yake na watafsiri wa Kiswahili wamelitumia bila kusita. Mtu wa Ushongo akisema vyombo vimerudi, haelekei kumaanisha sufuria. Anamaanisha mashua, majahazi na ngalawa. Chombo katika pwani ni kitu cha kutilia na pia ni kitu cha kusafiria baharini, na maana hizi mbili hazina uhusiano uleule na ndani. Mtungi ni mzima iwapo maji yaliyomo hayatoki. Mashua ni nzima iwapo maji ya nje hayaingii. Yakiingia hukusanyika katika banduru, na mtu huyafua kwa kata, au siku hizi kwa kipande cha dumu la plastiki lililokatwa. Hivyo basi lugha ya pwani inaweka katika neno moja chombo kinachosifiwa kwa kuweka na chombo kinachosifiwa kwa kuzuia. Nadharia ya Lakoff na Johnson inaweza kujibu kwamba mpaka ni mmoja, unatazamwa kutoka pande mbili. Jibu hilo ni sahihi, lakini linaifanya nadharia iwe pana hata isiweze kukanushwa na mfano wowote, na nadharia isiyoweza kukanushwa haimsaidii mchambuzi kujua kwa nini neno hili limepata maana hii na si ile.

Asili ya debe

Neno debe limetoka katika lugha za Bara Hindi, ambako dabba na maumbo yake ya karibu humaanisha kopo au kisanduku chenye kifuniko. Halikuja peke yake. Kopo na pipa ni ya Kireno, kadhalika kasha; sanduku ni la Kiarabu; boksi na kontena ni ya Kiingereza. Mtu anaweza kuandika historia ya biashara ya pwani kwa majina ya vyombo tu, na kwa kweli kazi hiyo ingestahili tasnifu yake.

Kilicholitofautisha debe ni kwamba kitu chenyewe kilikuwa na ukubwa mmoja. Mafuta ya taa yaliyosafirishwa na kampuni za Marekani tangu mwishoni mwa karne ya 19 yalitiwa katika mikebe ya bati ya pembe nne, kila mkebe ukiwa na galoni 5 za Kimarekani, na mikebe miwili ikapangwa katika kreti moja la mbao. Galoni 5 za Marekani ni takriban lita 18.9, yaani zaidi kidogo ya galoni 4 za Kiingereza, ambazo ni lita 18.2. Kwa hiyo mkebe huo ulijulikana katika makoloni ya Waingereza kuwa wa galoni 4. Mafuta yalikwisha, mkebe ukabaki. Ukachotewa maji kisimani, ukapimiwa nafaka, ukakunjuliwa na kuwa bati la kuezekea na kukandikia kuta. Mafundi wa bati waliukata wakatengeneza koroboi, hivyo kipande cha debe kikarudi kuwa chombo cha mafuta yaleyale kilichokuja nayo.

Hapa tunaona tofauti ya kwanza na matarajio ya nadharia. Katika usemi nyumba ya madebe hakuna ndani wala nje ya debe. Debe limekatwa na kunyooshwa. Limeacha kuwa chombo na limekuwa malighafi. Kiingereza kilipita njia hiyo kinyumenyume: jina la madini, tin, likawa jina la kopo. Kiswahili kilichukua jina la kopo kikalifanya kuwa jina la bati. Njia zote mbili ni za ujirani wa vitu katika maisha ya watu, yaani taashira, wala si za sitiari.

Debe kama kipimo

Katika kilimo na biashara ndogo, debe ni kipimo kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Lilikuta mfumo uliokuwapo wa kibaba, kisaga na pishi, ambamo visaga viwili ni pishi na vibaba viwili ni kisaga, likakaa juu yake. Mfumo ule ulikuwa na istilahi ambayo debe halikuirithi. Wazee walitofautisha pishi ya mfuto, yaani iliyosawazishwa kwa kufutwa juu kwa mkono au kijiti, na pishi iliyorundikwa. Muuzaji na mnunuzi walijua ni ipi inayosemwa. Debe lilipokuja lilitegemea bati lake kuwa ndilo sheria, na likaonekana halihitaji kivumishi.

Jambo hili si la msamiati peke yake, na mchambuzi wa semantiki anayelipita anaacha sehemu kubwa ya maana. Leo debe la bati limetoweka katika maeneo mengi, na nafasi yake imechukuliwa na ndoo ya plastiki ya lita 20, ambayo huitwa ndoo na huitwa debe bila ubaguzi. Jina limebaki, ujazo umeongezeka kidogo. Zaidi ya hayo, katika hesabu ya sokoni gunia la kilo 100 za mahindi huhesabiwa kuwa madebe 6. Lita moja ya mahindi makavu ina uzito wa takriban gramu 720. Madebe 6 ya bati yaliyofutwa yangetoa kilo 80 hivi. Ndoo 6 za lita 20 zilizofutwa zingetoa kilo 86 hivi. Ili madebe 6 yafikie kilo 100, kila debe linapaswa kubeba kama lita 23. Lita 3 za ziada ziko juu ya ukingo wa ndoo, katika lile rundo ambalo Kiswahili cha sasa cha biashara hakilipi jina la kudumu. Mkulima anayeuza kwa debe na mnunuzi anayeuza tena kwa kilo hawatumii neno moja, ingawa wanatamka sauti zilezile.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kampeni za Wakala wa Vipimo dhidi ya lumbesa zimeuona ubishi huu katika gunia, ambalo kilele chake huonekana kwa macho kwa kuwa hushonewa kofia. Debe limeonekana kwa shida zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, kwa sababu kilele chake hakishonwi. Humiminwa na kutoweka ndani ya gunia mara tu baada ya kupimwa. Nadharia ya chombo haina la kusema hapa. Kilichomo ndani hakibishaniwi; kinachobishaniwa ni kile kilicho juu ya ukingo, ambacho si ndani wala si nje. Pishi ya mfuto ilikuwa na jibu la kiisimu kwa tatizo hilo, na kupotea kwa neno mfuto katika lugha ya soko ni hasara inayopimika kwa kilo.

Inafaa kutaja kwa ufupi kwamba utaratibu huohuo umejirudia kaskazini mwa Tanzania kwa neno sado, kopo la rangi la lita 4 lililopata jina kutokana na Sadolin, ambalo hupimiwa maharage, vitunguu na nyanya. Sado tano ni debe moja la plastiki. Wauzaji wengi hawakumbuki tena rangi iliyokuwamo.

Tupu au shinda

Sehemu hii inahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ndipo nadharia inapoonekana kuwa na nguvu, na ndipo udhaifu wake unapodhihirika.

Kuna methali inayosikika kila mahali: debe tupu haliachi kuvuma. Mwenye kusema sana ni yule asiye na kitu kichwani. Ufafanuzi wa kawaida unaafikiana kabisa na Lakoff na Johnson: mtu ni chombo, elimu ni kilichomo, ujinga ni utupu. Reddy alikwisha kuonyesha mwaka 1979 kwamba Kiingereza huyazungumzia maneno kama vyombo vinavyobeba maana kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji, na methali hii ingeweza kuongezwa kwenye orodha yake pasipo taabu.

Lakini iko methali nyingine, ambayo wengi huidhania kuwa ni lahaja tu ya ile ya kwanza: debe shinda haliachi kutika. Hapa neno shinda si kitenzi cha ushindi wala cha kushinda mahali. Ni neno linaloeleza hali ya chombo kilichojaa nusu au kilichobakiwa na kitu kidogo. Husemwa mtungi huu u shinda. Nalo tika ni kitenzi tunachokijua zaidi leo kupitia minyambuliko yake tikisa na tikisika. Maana yake basi ni kwamba debe lenye maji nusu halikomi kutikisika. Msomaji asiyeijua shinda hii huweza kudhani methali inazungumzia debe lililoshinda jambo fulani, halafu akaona haina mantiki, kisha akairekebisha kwa kutia tupu na kuvuma. Tupu ina sifa ya kueleweka na kila mtu. Kanuni ya zamani ya uhakiki wa matini inatufundisha kwamba kati ya matoleo mawili, lile gumu lina haki ya kusikilizwa kwanza, maana ni rahisi kueleza jinsi gumu lilivyogeuzwa kuwa jepesi kuliko kinyume chake. Uhakiki huu haudai kwamba methali moja imezaa nyingine. Unadai kwamba hazisemi jambo moja, na kwamba anayeziorodhesha pamoja kama visawe amepoteza methali moja.

Tofauti iko katika tendo. Debe tupu huvuma likipigwa, yaani linahitaji mpigaji. Liache pembeni ya kisima nalo litanyamaza kama jiwe. Debe shinda hutika likibebwa. Mwenye kubeba debe la maji kichwani anabeba kilo 18 zilizotulia endapo limejaa, maana maji hayana pa kwenda. Likiwa nusu, ni jepesi zaidi lakini ni gumu zaidi kubeba: maji huenda upande mmoja, hugonga bati, hurudi, na kila hatua huongeza mwendo wake. Ndiyo maana wachota maji huweka jani au kitawi juu ya maji ili kuyatuliza. Mvuvi anaijua hali hiyohiyo katika chombo cha aina ya pili. Maji kidogo katika banduru si hatari kwa uzito wake, ni hatari kwa sababu hukimbilia upande ambao chombo kimeshainamia.

Kwa hiyo mlengwa wa debe shinda si mjinga. Ni mwenye elimu nusu, ambaye kile kidogo alicho nacho ndicho kinachomyumbisha. Methali ya kwanza inamcheka asiye na kitu. Ya pili inamwonya aliyeanza kupata. Kwa msomaji wa tasnifu, ya pili inauma zaidi. Taswira ya ndani na nje inaweza kuieleza tupu, kwa kuwa tupu ni jibu la swali lenye majibu mawili, kimo au hakimo. Haiwezi kuieleza shinda, kwa sababu shinda haitegemei kuwamo bali mwendo wa kilichomo, uzito wake na mwili wa anayebeba. Mtu anayeijua shinda ameijua kwa shingo yake. Ni ajabu kidogo kwamba nadharia iliyojinadi kwa kuurudisha mwili katika semantiki ilichukua kutoka kwa mwili jambo moja tu la kijiometria, yaani mpaka, ikaacha uchovu, mtikisiko na mlio.

Kupiga debe

Mlio ndio unaotawala matumizi ya debe yaliyoenea zaidi leo. Mpigadebe ni yule anayeita abiria kituoni. Kumpigia debe mgombea ni kumnadi. Kujipigia debe ni kujisifu hadharani. Njia rahisi ya kupima nguvu ya taswira ya chombo ni kutazama vitenzi. Debe likiwa chombo huambatana na jaza, mimina, tia, chota na mwaga, vyote vikigusa ndani. Misemo iliyopata maana ya kijamii haikuchagua hata kimoja kati ya hivyo. Imechagua piga, kitenzi kinachogusa nje.

Uteuzi huo haukutokana na debe. Kiswahili kilikuwa tayari na nafasi ya kisarufi iliyosubiri ala: kupiga mbiu, kupiga zumari, kupigia upatu, kumpigia mtu chapuo. Chapuo ni ngoma ndogo, na kumpigia mtu chapuo kuna maana ileile ya kumpigia debe. Debe liliingia katika safu hiyo kwa sababu watu walikwisha kulipiga kwa kweli: shambani wakati wa kuamia ndege, kijijini kuita mkutano, na katika ngoma za watoto. Kwa maneno mengine, jamaa wa debe katika usemi huu si mtungi na kapu, bali ni mbiu na upatu. Kamusi inayoupanga usemi huu kama maana ya ziada ya chombo, chini ya ufafanuzi wa bati na ujazo, inamwambia msomaji ukoo usio wake.

Mtahini anaweza kupinga kwamba debe hulia kwa kuwa lina uwazi, na uwazi ni ndani. Ngoma nayo ina uwazi, wala hakuna anayeiita chombo cha kutilia. Neno mzinga linatoa ushahidi mzuri zaidi. Mzinga wa nyuki ni gogo lililotobolewa. Mzinga wa vita ni bomba la chuma. Kilichounganisha viwili hivi ni umbo. Mlio wa ule wa pili ndio unaohesabiwa katika kupiga mizinga 21, na katika mazungumzo ya vijana kupiga mzinga ni kuomba fedha. Hakuna asali katika maana yoyote kati ya hizo mbili.

Maana ya applikativu pia haina budi kuzingatiwa. Kupiga debe bila kiambishi cha kutendea ni kazi ya kituoni na mara nyingi husemwa kwa dharau. Kupigia debe kuna mnufaika, na kwa hiyo kuna heshima au shaka kulingana na mnufaika huyo ni nani. Kiambishi -i- kimebeba siasa nzima ya usemi huu.

Palipo na ndani

Ingekuwa si haki kuacha mifano inayoiunga mkono nadharia. Katika Kiswahili cha Kenya, debe ni sanduku la kura, na debeni ni uwanja wa uchaguzi: wagombea huambiwa wakutane debeni. Hapa ndani ni muhimu kweli, kwa kuwa kura iliyoingia ndiyo inayohesabiwa, na kiambishi -ni cha mahali kinalikamilisha wazo hilo. Tanzania hutumia sanduku la kura, na mwanasiasa wa Pangani hupigiwa debe bila ya kuingia debeni. Neno moja limegawana shughuli moja kwa mujibu wa mpaka wa nchi: upande mmoja limeshika kelele za kampeni pamoja na hesabu ya kura, upande mwingine limeshika kelele peke yake.

Mfano wa pili ni kunyea debe, yaani kufungwa jela. Usemi huu haufai kwa kila hadhira, lakini mhakiki hawezi kuukwepa kwa haya. Debe hapa ni chombo kwa ukamilifu, na adhabu yenyewe ni kwamba mtu amewekwa pamoja nacho mahali pasipo na mlango wa kutokea. Ni katika usemi huu tu, kati ya yote yaliyochambuliwa, ambapo ndani ya debe na ndani ya jengo zimewekwa pamoja. Watafiti wa sitiari ya chombo wangefanya vyema kuanzia hapa badala ya mifano ya hasira na moyo iliyokwisha kuchoka.

Kuhusu dumu

Katika Ushongo, kama kwingineko, maji sasa huchotwa kwa dumu la plastiki na nafaka hupimwa kwa ndoo. Debe la bati limepoteza kazi zake mbili kubwa kwa wakati mmoja. Kama maana za misemo zingefuata kazi ya kutilia, tungetarajia kusikia watu wakipigia dumu wagombea, au methali ya dumu tupu. Hazisikiki. Dumu lina ndani kuliko hata debe, kwa maana lina mdomo mwembamba na kizibo, na maji yake hayatiki nje. Lakini ukilipiga, halitoi mlio wa kuita watu. Mpigadebe wa leo kituoni hana debe mkononi. Hupiga ubavu wa basi kwa kiganja, na bati la basi hulia.